Kuhama Kazi Katika Miaka ya Mwanzo ya Mahusiano ya Umma: Mwongozo kwa Maafisa Chipukizi

Mahusiano ya umma ni taaluma inayojenga na kulinda kuaminiana baina ya taasisi na watu ambao taasisi hiyo inawategemea, wawe wateja, wafanyakazi, wanahabari, wanahisa au wananchi wa eneo inalofanyia kazi. Kwa kuwa taaluma yenyewe inasimama juu ya kuaminika, anayeifanya hupimwa kwa kipimo hicho hicho kila anapobadili mwajiri: mhariri aliyempokea akiwa afisa wa benki ndiye atakayempokea mwaka unaofuata akiwa afisa wa kampuni ya simu, na mteja aliyeachwa njia panda katikati ya kampeni huenda siku moja akaketi kwenye jopo la usaili. Soko la kazi hii, iwe Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au Mombasa, si kubwa kiasi cha kumficha mtu. Mwongozo huu kwa hiyo unajengwa juu ya hoja moja, kwamba kuhama mapema si kosa, ila kila uhamisho unapaswa kumwongezea afisa jambo ambalo sasa anaweza kuaminiwa kulifanya, na namna anavyoondoka mahali ni sehemu ya kazi yake kama ilivyo taarifa aliyoiandika.

Maelezo yanayohusu sheria yamejikita katika Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na Kenya imetajwa pale ambapo utaratibu wake unafanana au unatofautiana kwa namna inayomfaa msomaji kuijua.

Aina za waajiri na kile ambacho kila mmoja hufundisha

Jambo la kwanza kwa anayefikiria kuhama ni kuelewa kwamba cheo kimoja hubeba kazi tofauti kulingana na mwajiri. Kundi la kwanza la waajiri ni wakala wa mahusiano ya umma, yaani kampuni inayouza ushauri na kazi za mawasiliano kwa wateja kadhaa kwa wakati mmoja, aghalabu kwa ada ya kila mwezi. Hapo afisa chipukizi huanza siku kwa kuandaa ripoti ya ufuatiliaji wa habari, ambayo ni muhtasari wa yaliyoandikwa na kutangazwa kuhusu mteja, kisha mchana akaandika rasimu ya taarifa ya mteja wa bima, na jioni akawapigia simu wahariri kuhusu uzinduzi wa mteja wa vinywaji. Upana huo wa kazi na nidhamu ya muda inayoambatana nao ni mafunzo ambayo ni vigumu kuyapata kwingine, ingawa afisa wa wakala mara nyingi hayumo chumbani uamuzi unapofanywa, na kwa hiyo hupokea maagizo bila kufahamu sababu zake zote.

Kundi la pili ni vitengo vya mawasiliano ndani ya kampuni na mashirika, kama vile benki, kampuni za simu, migodi na viwanda. Afisa wa huko anaitumikia taasisi moja, na somo kubwa analolipata ni namna idhini inavyotafutwa, kwa sababu taarifa ya ukurasa mmoja huweza kupita kwa mwanasheria, kwa mkuu wa fedha na kwa mkurugenzi mtendaji kabla haijatoka nje. Kuilinda maana ya taarifa inapopita katika mikono hiyo yote, bila kugombana na mtu, ni ujuzi unaotofautisha mwandishi mzuri na mshauri anayesikilizwa.

Kundi la tatu ni serikali. Nchini Tanzania, wizara, taasisi za umma na halmashauri zina Vitengo vya Mawasiliano Serikalini, ambamo wanafanya kazi maafisa habari na maafisa uhusiano. Katika halmashauri nyingi afisa habari hujikuta karibu peke yake: hupiga picha za ziara ya kiongozi, huandika habari yake, huipakia kwenye tovuti, na bado hutakiwa kumjibu mwandishi aliyepiga simu kuulizia mradi wa maji uliokwama. Nchini Kenya, serikali za kaunti 47 zilizoanza kazi mwaka 2013 kufuatia Katiba ya 2010 zilifungua mlango wa namna hiyo, kwa kuwa kila kaunti ina bodi yake ya utumishi wa umma.

Kundi la nne ni asasi za kiraia na mashirika ya kimataifa, ambako ajira hufungamana na mradi na mfadhili. Afisa hujifunza kuandika simulizi za wanufaika kwa kuheshimu ridhaa yao na kutoa ripoti zinazosomwa na watu walio mbali na mazingira ya kazi. Hata hivyo mkataba huwa na tarehe ya mwisho, na anayejiunga anapaswa kuiingiza tarehe hiyo katika mipango yake tangu siku ya kwanza.

Kupima sababu ya kuhama

Sababu za kutaka kuhama huwa nyingi, lakini zinahitaji kutenganishwa kabla ya uamuzi. Njia inayofaa ni kuandika orodha tatu kwenye karatasi moja: kazi ambazo afisa ameshazifanya peke yake hadi mwisho, kazi alizozifanya chini ya usimamizi, na kazi ambazo hajawahi kukabidhiwa. Katika orodha hizo yanaweza kuwamo kuandaa mkutano na waandishi wa habari, kuandika hotuba ya kiongozi, kutengeneza na kutetea bajeti, kusimamia wakala, kuongoza maafisa wa chini yake, na mawasiliano ya wakati wa mgogoro, yaani kazi ya kutoa taarifa wakati ajali, tuhuma au kasoro ya bidhaa imeiweka taasisi machoni pa watu. Nafasi mpya inayozihamisha kazi kutoka orodha ya tatu kwenda ya pili, au kutoka ya pili kwenda ya kwanza, ina sababu ya kufuatwa hata kama ongezeko la mshahara ni dogo. Na nafasi inayobadilisha jina la cheo pekee, huku orodha zikibaki zilivyokuwa, inastahili kutazamwa mara mbili.

Mshahara nao ni sababu halali ambayo haipaswi kuonewa haya, hasa kwa kijana anayelipa kodi ya nyumba, anayesaidia wadogo zake na anayekatwa mkopo wa elimu ya juu, ambao nchini Tanzania hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Kinachotakiwa ni kulinganisha kipato kamili, kwa maana ya mshahara wa msingi, posho, bima ya afya ya familia, gharama za usafiri na uhakika wa malipo, badala ya kulinganisha tarakimu moja iliyotajwa kwenye simu.

Kuhusu muda wa kukaa, inafaa afisa akamilishe angalau mzunguko mmoja mzima wa kazi ya taasisi kabla ya kuondoka. Aliyepitia mwaka mmoja katika kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa ameshaona matokeo ya fedha yakitangazwa, mkutano mkuu wa wanahisa ukifanyika na ripoti ya mwaka ikichapishwa. Aliyepitia mwaka mmoja wizarani ameshaona bajeti ikiandaliwa na kutetewa bungeni kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Anayeondoka kabla ya hapo huondoka na vipande vya ujuzi ambavyo ni vigumu kuvieleza kwa mwajiri mwingine.

Hata hivyo zipo hali ambazo hazihitaji subira. Mwajiri asiyelipa mishahara, anayevumilia unyanyasaji wa kijinsia, au anayemtaka afisa atoe taarifa anazojua kuwa si za kweli hastahili kusubiriwa mzunguko ukamilike. Kanuni za maadili za taaluma hii ziko wazi juu ya ukweli: Kanuni za Athens, zilizopitishwa na Chama cha Kimataifa cha Mahusiano ya Umma mwaka 1965, zinamkataza mwanataaluma kuuweka ukweli chini ya matakwa mengine, na vyama vya kitaifa, kikiwamo Chama cha Mahusiano ya Umma cha Kenya kilichoanzishwa mwaka 1971, vinawataka wanachama wao wafuate maadili. Uongo uliotolewa kwa niaba ya mwajiri hubaki na jina la aliyeutia saini hata baada ya mwajiri huyo kusahauliwa.

Wanaotoka katika vyumba vya habari

Njia mojawapo kongwe ya kuingia katika mahusiano ya umma ni uandishi wa habari, na anayeifuata huja na mtaji wa kweli: anajua habari ni nini, anaandika haraka, na anaijua saa ya chumba cha habari. Anafahamu, kwa mfano, kwamba mkutano ulioitishwa saa kumi jioni humbana mpigapicha wa televisheni anayetakiwa kurudi, kuhariri na kukabidhi kazi kabla ya taarifa ya saa mbili usiku, na kwamba mkutano wa saa nne asubuhi huwapa wote nafasi, likiwamo gazeti linalofunga kurasa zake jioni.

Anachopaswa kujifunza upya ni mambo matatu. La kwanza ni kumtumikia mteja bila kuacha kuuheshimu ukweli. La pili ni kupanga, kwa kuwa kampeni ya miezi sita inahitaji malengo, bajeti na vipimo ambavyo habari ya siku moja haivihitaji. Na la tatu ni kuweka mpaka na wenzake wa zamani, asiwadai fadhila ya kuchapishiwa kila anachotuma. Suala la malipo kwa waandishi, ambalo mitaani huitwa bahasha au nauli, linahitaji kuulizwa mapema: afisa anapaswa kujua kama taasisi anayoiendea ina sera ya maandishi kuhusu kuwasafirisha na kuwahudumia waandishi, kwa sababu pasipo na sera hiyo yeye ndiye atakayebebeshwa lawama fedha iliyotolewa kienyeji itakapohojiwa na mkaguzi.

Jalada la kazi

Jalada la kazi ni mkusanyiko wa kazi chache zilizochaguliwa ili kuonyesha uwezo wa mwombaji. Katika miaka ya mwanzo, kazi tano zilizoelezwa vizuri zina nguvu kuliko faili nene la vipande vya magazeti. Kila kazi inapaswa kuambatana na maelezo ya nusu ukurasa yenye mambo manne: tatizo lililokuwapo, uamuzi uliofanywa na sababu yake, sehemu hasa iliyofanywa na mwombaji, na matokeo yaliyoonekana. Sehemu ya tatu ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kampeni hufanywa na watu wengi, na mwombaji anayesema aliongoza kazi ambayo kwa kweli aliandika rasimu yake tu huumbuka kwa simu moja kati ya waajiri wawili wanaofahamiana.

Matokeo nayo yanahitaji kupimwa kwa njia inayokubalika. Kwa muda mrefu baadhi ya maafisa walitumia thamani ya tangazo, yaani kuhesabu nafasi ambayo habari ilipata gazetini au redioni na kuipa bei ambayo ingelipwa kama nafasi hiyo ingekuwa tangazo. Mwaka 2010, katika mkutano uliofanyika Barcelona, wataalamu wa upimaji wa mawasiliano walikubaliana juu ya kanuni zinazotamka kwamba hesabu hiyo haionyeshi thamani ya mahusiano ya umma, na msimamo huo umeendelea kushikiliwa katika marejeo ya baadaye ya kanuni hizo. Mwombaji anayeeleza kwamba baada ya kampeni simu za malalamiko zilipungua, au kwamba wakulima waliojisajili waliongezeka kutoka idadi fulani hadi nyingine, huku akitaja rekodi alikoitoa idadi hiyo, huonyesha kwamba anaijua kazi yake. Nyaraka za siri za mwajiri, kama mikakati ambayo haijatangazwa au orodha za wateja, hazina nafasi katika jalada, na jopo makini linalozikuta humo huziona kama onyo juu ya litakaloipata taasisi yake.

Maombi na usaili

Kwa nafasi za serikali nchini Tanzania, maombi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa mfumo wake wa mtandaoni, na matangazo yake yana masharti yanayopaswa kusomwa neno kwa neno. Sharti linalowagusa zaidi wanaohama ni lile linalorejelea waraka wa tarehe 30 Novemba 2010, ambao unawazuia watumishi wa umma walio katika nafasi za kuingilia kuomba tena nafasi za kuingilia. Afisa habari wa halmashauri anayetamani kwenda wizarani katika cheo kile kile anapaswa kwa hiyo kufuata taratibu za uhamisho ndani ya utumishi wa umma. Matangazo hayo huhitaji pia vyeti kamili, na waliosoma nje ya nchi hutakiwa vyeti vyao viwe vimehakikiwa na mamlaka husika. Mambo haya huchukua muda na ni vyema yakafanyika kabla nafasi haijatangazwa.

Katika sekta binafsi, usaili mara nyingi huwa na jaribio la kuandika, ambapo mwombaji hupewa tukio, kwa mfano basi la kampuni limepata ajali saa kumi na moja alfajiri, na kutakiwa kuandika taarifa ndani ya dakika arobaini. Jopo halitafuti ufasaha peke yake. Linaangalia kama mwombaji ametaja waathirika kabla ya kuitetea kampuni, kama ametenganisha lililothibitishwa na linalochunguzwa, kama ameepuka kutaja majina ya marehemu kabla ya ndugu kuarifiwa, na kama ameeleza taarifa inayofuata itatolewa saa ngapi. Anayetuma maombi Tanzania au Kenya ajiandae pia kuandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa taarifa inayosomeka kama tafsiri hurudishwa na mhariri au huandikwa upya na mtu asiyejua makusudio ya mwandishi wa kwanza.

Mwombaji naye ana haki ya kuuliza. Maswali yanayofichua mengi ni haya: afisa huyu ataripoti kwa nani, nani ana mamlaka ya mwisho ya kuidhinisha taarifa, msemaji wa taasisi ni nani, na aliyekuwa kwenye nafasi hii aliondoka kwa sababu gani. Kitengo kinachoripoti kwa mkurugenzi mtendaji hupata habari mapema kuliko kilichowekwa chini ya idara isiyohusika na maamuzi makubwa.

Kusoma mkataba

Kabla ya kutia saini, afisa anapaswa kujua kama mkataba ni wa muda usiojulikana au wa muda maalumu, muda wa majaribio ni upi, na notisi ni ya siku ngapi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 iwapo ajira inasitishwa ndani ya mwezi wa kwanza, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Wahusika wanaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Sheria hiyo inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na inaondoa kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki kwa mfanyakazi mwenye ajira isiyofikia miezi sita kwa mwajiri huyo, jambo ambalo kila anayehama anapaswa kulifahamu, kwa kuwa anapobadili mwajiri kinga aliyokuwa nayo huanza upya. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na inaweka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, ambacho kinaweza kuongezwa kwa makubaliano.

Hifadhi ya jamii nayo inahitaji kuangaliwa. Mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania huchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, wakati mtumishi wa umma huchangia mfuko ulioanzishwa mwaka 2018 kwa ajili ya utumishi wa umma. Anayevuka kutoka sekta moja kwenda nyingine achukue taarifa ya michango yake na kuitunza, kwa sababu mwezi usiowasilishwa ni rahisi kuufuatilia wakati ofisi ya zamani ingali inamkumbuka.

Vifungu vya usiri na vya kutofanya kazi kwa mshindani vinahitaji kusomwa kwa makini katika taaluma hii, na lililo gumu kueleweka liulizwe kabla ya saini. Kwa vyovyote vile, barua ya kuacha kazi haiandikwi kwa ahadi ya mdomo. Wahenga walionya usiache mbachao kwa msala upitao, na onyo hilo linamhusu anayejiuzulu Ijumaa kwa kutegemea mkataba alioambiwa utafika Jumatatu.

Kuondoka

Anayepaswa kuarifiwa kwanza ni msimamizi wa moja kwa moja, ana kwa ana, kisha barua ifuate siku hiyo hiyo. Barua yenyewe haihitaji malalamiko; inatosha kutaja nafasi, tarehe ya mwisho ya kazi kwa mujibu wa notisi, na utayari wa kufanya makabidhiano. Wateja na wanahabari huarifiwa baada ya hapo, kwa utaratibu uliokubaliwa na mwajiri.

Hati ya makabidhiano ndiyo taarifa ya mwisho ambayo afisa anaiandikia taasisi, na ubora wake hukumbukwa. Inapaswa kuwa na kazi zilizo njiani na hatua ilipofikia kila moja, tarehe za matukio yanayokuja, ahadi zilizotolewa kwa waandishi ambazo bado hazijatimizwa, ankara zinazosubiri malipo, mahali zilipo picha na video pamoja na ridhaa za waliopigwa picha, na nywila za akaunti za mitandao ya kijamii. Jambo hili la mwisho husababisha madhara makubwa pale ukurasa wa taasisi ulipofunguliwa kwa namba ya simu ya afisa binafsi. Umiliki wake uhamishwe kabla ya siku ya mwisho, mbele ya mtu wa TEHAMA.

Orodha za mawasiliano zinahitaji uamuzi wa uadilifu na wa sheria. Urafiki na mhariri ni wa afisa na huenda naye popote, lakini jedwali lenye majina, namba za simu na barua pepe lililotengenezwa kazini ni mali ya mwajiri, na ndani yake zimo taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, kama Kenya ilivyo na sheria yake ya mwaka 2019. Kuinakili orodha hiyo usiku wa kuamkia siku ya kuondoka ni kuanza kazi mpya kwa kosa.

Siku ya mwisho, afisa adai stahili zake kwa utulivu: mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kisheria kukitoa. Aombe pia ruhusa ya kumtaja msimamizi wake kama mdhamini katika maombi ya baadaye, kwani mdhamini aliyeombwa hujibu vizuri kuliko aliyeshtukizwa.

Miezi mitatu ya kwanza mahali papya

Katika wiki za mwanzo, kusikiliza kuna faida kuliko kupendekeza. Afisa mpya asome taarifa zote ambazo taasisi imetoa katika mwaka uliopita, awatembelee wakuu wa idara kwenye ofisi zao, na awapigie wahariri kuwauliza ni lipi limekuwa likiwakera katika mawasiliano na taasisi hiyo. Mwezi wa pili utoshe kwa kazi moja ndogo inayokamilika na kuonekana, kama kuweka utaratibu wa kumjibu kila mwandishi ndani ya saa chache, hata kama jibu la kwanza ni kwamba suala linafuatiliwa. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu, awe amekubaliana na msimamizi wake kwa maandishi kuhusu malengo ya mwaka na vipimo vyake, ili tathmini ya kipindi cha majaribio ifanywe kwa mambo yanayojulikana.

Afisa aliyehama mara mbili au tatu kwa utaratibu huu hana haja ya kuuficha uhamisho wowote katika wasifu wake. Kila mwajiri wa zamani anaweza kupigiwa simu, kila kituo kina kazi anayoweza kuieleza, na jopo linalomuuliza kwa nini alihama hupata jibu lile lile kutoka kwake na kutoka kwa watu aliowaacha.